Maji Hayakuwa Mshtakiwa Pekee

Kuna maneno mawili yanayonikera kila ninapokutana nayo kwenye makala za nishati: "bila maji". Frakingi bila maji. Yanatamkika vizuri, na msikilizaji huona afueni papo hapo. Kama kosa lilikuwa la maji, na maji yameondolewa, basi kesi imekwisha, twende nyumbani. Mimi nasema kesi yenyewe haijasikilizwa.

Gesi na mafuta ya sheli (si ile sheli ya kujazia gari) yamenaswa ndani ya mwamba wa tope lililogandamana kwa mamilioni ya miaka. Kisima huchimbwa kwenda chini kilomita moja, mbili au zaidi, kisha hupindishwa kikalala ndani ya mwamba, na humo husukumwa maji, mchanga na kemikali kwa shinikizo kubwa hadi mwamba upasuke. Mchanga hubaki kwenye nyufa kuzizuia zisijifunge. Katika mwamba wa Marcellus, uliolala chini ya Pennsylvania na New York huko Marekani, kisima kimoja huweza kumeza lita milioni 15 na zaidi.

Sasa ondoa maji, weka propani iliyofanywa nzito kama jeli. Ndiyo, ni jamaa ya gesi iliyomo kwenye mtungi wako wa jikoni. Kampuni ya GasFrac ya Calgary, Kanada, ilianza kuitumia mwaka 2008, na sitakuwa mnafiki: kihandisi ni wazo zuri. Maji huvimbisha udongo wa mfinyanzi uliomo katika baadhi ya miamba na kuziba nyufa zilizotafutwa kwa gharama. Propani haina tabia hiyo, na hurudi juu pamoja na gesi, ikaweza kukusanywa tena. Lakini propani hununuliwa, hubebwa kwa malori, na hulipuka. Mwaka 2011 wafanyakazi waliungua kwenye kisima kimoja huko Alberta. Bei ya mafuta ilipoporomoka, Januari 2015 GasFrac ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Maji yameshinda kwa sababu ni ya bei poa, wala si kwa sababu nyingine ya maana.

Njoo New York. Desemba 2014 serikali ya Gavana Andrew Cuomo ilitangaza kuipiga marufuku frakingi, baada ya tathmini ya afya ya umma. Lakini marufuku yale yalipimwa kwa ndoo: kilichozuiwa ni upasuaji unaotumia galoni 300,000 za maji au zaidi, yaani kama lita milioni 1.1. Haukupita hata mwaka. Mwaka 2015 wenye ardhi katika Kaunti ya Tioga wakaomba kibali cha kupasua mwamba ule ule kwa propani. Mmekataza maji, sisi hatutumii maji. Mwaka 2023 ikaja kampuni ya Texas, Southern Tier Solutions, ikawaandikia maelfu ya wenye ardhi ikitaka kukodi maeneo yao. Safari hii mwamba ungepasuliwa kwa hewa ukaa, ambayo nayo ingezikwa huko huko chini. Jongoo hutupwa na mti wake. New York ilimtupa jongoo, mti ikauegemeza mlangoni.

Wakulima wale siwacheki. Ukifuga ng'ombe wa maziwa, ukamwona jirani wa ng'ambo ya mpaka wa Pennsylvania analipwa mrabaha wa mwamba uliopita hata chini ya malisho yako, utalitafuta kila tundu la sheria. Lawama zangu ni kwa waliotunga sheria kana kwamba hatari nzima hupimika kwa lita. Na ni kwetu wasomi pia. Muhula uliopita, kwenye semina yetu ya uzamili, mwenzetu aliwasilisha hewa ukaa kama dawa ya maradhi mawili: unaokoa maji, unazika kaboni. Darasa zima likaridhika. Nilipouliza hewa hiyo inafikaje kisimani, nikajibiwa kwamba hilo ni suala la usafirishaji.

Haya, tuseme usafirishaji. Februari 2020, karibu na kijiji cha Satartia, Mississippi, lilipasuka bomba la hewa ukaa. Halikuwa la frakingi, ila mzigo ndio huo huo. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutambaa mabondeni. Injini za magari zilizimika kwa kukosa oksijeni, watu wapatao 200 wakahamishwa, na kama 45 wakapelekwa hospitali.

Na maji yenyewe hayaishi kabisa. Matabaka ya chini yana maji yake ya kale, ya chumvi kali, yanayopanda pamoja na gesi. Ya Marcellus yamekutwa na radiamu, madini yenye mionzi. Ukiacha kumimina maji utapunguza maji machafu yanayorudi juu, lakini hutaukausha mwamba. Saruji ya kisima ikivuja, methani itapita bila kujali mwamba ulipasuliwa kwa nini. Methani hiyo, kwa miaka 20 ya kwanza, hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa. Hata isipovuja, itachomwa: ndicho kilichofanya ichimbwe.

Mfugaji wa kondoo wa Karoo, Afrika Kusini, anayeishi kwa maji ya kisima, ana haki ya kuulizia maji kwanza. Kwenye ukame lita moja ni lita. Ila akishajibiwa hilo, asikubali kuambiwa kwamba maswali yamekwisha.

Mwaka 2020 wabunge wa New York waliigeuza marufuku ya maji kuwa sheria na kuisimamisha propani. Desemba 2024 Gavana Kathy Hochul akatia saini sheria ya kuzuia hewa ukaa. Imechukua miaka kumi kufika kimiminika cha tatu. Povu la naitrojeni, nalo, limetumika kwenye visima vya Marekani kwa miongo kadhaa.