Musimucheke mama mwenye kulilia kobaye yake

Wiki tatu zilizopita, mama mmoja wa hapa kwetu Masisi, mwenye kuosha mchanga wa koltani kwa malipo ya bido kwa bido, hakufika kazini siku mbili. Tulituma kijana kwenda kuuliza kama ni malaria. Alirudi anacheka mpaka anashika mbavu: «Hapana malaria. Kobaye yake imekufa. Iko inakaa matanga!»

Sisi nasi tulicheka. Tunalikubali mbele ya wasomaji, maana hatutaki kujifanya tulikuwa wazuri tangu mwanzo. Sisi ni komite ya sendika ya wachimbaji, wengine wetu wako upande wa Masisi, wengine Walikale. Tumezoea kulilia watu. Shimo likianguka wakati wa mvua, tunahesabu wenye wametoka na wenye wamebaki, kiisha tunatafuta shitingi, mbao, na pesa ya sanduku kama mwili umepatikana. Mbele ya mambo hayo kobaye ni kitu gani? Panya bila mkia. Siku ya sikukuu watoto wanaipika na haijazi hata sahani.

Kiisha mzee mmoja wa komite alienda kumuona mama yule, kwa heshima tu, na akarudi bila kucheka.

Kobaye ile ilikuwa na miaka sita. Kwa mnyama wa namna hiyo ni uzee kabisa: wenye kutunzwa vizuri wanaishi kati ya miaka 5 na 8, na huku kwetu wengi hawafikishi mwaka juu ya sufuria. Aliyeinunua sokoni mwaka 2019, ingali ndogo ya kuenea ndani ya kofia, ni kijana wa mama yule, mchimbaji kama sisi. Kijana alibaki ndani ya shimo mwaka 2022. Tulichimba siku nne, hatukumutoa. Mwaka 2024, vita ilipofika Rubaya, mama alikimbia kwa miguu kuelekea Goma na wajukuu wawili, sufuria moja, na katoni ya sabuni yenye kutobolewa matundu. Ndani ya katoni ni kobaye. Waliishi wote chini ya shitingi, juu ya mawe ya volkano, mpaka Februari 2025 kambi zilipovunjwa. Wakarudi kwa njia ile ile, na katoni ile ile.

Kivu inajua kobaye. Upande wa Bukavu wanaiita dende. Watu wanaifuga jikoni, karibu na moto, na sababu yake inajulikana: mwenye bunduki akija anaona mbuzi, anaenda na mbuzi, kobaye unaifunika na kikapu, mtoto anaibeba. Watafiti wa kilimo waliopita Kivu waliandika vilevile. Lakini asili yake ni mbali, ni milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, pamoja na ndugu yake wa manyoya laini anayeitwa chinchilla, mwenye wazungu wanamufuga nyumbani hata miaka 15. Mwenzetu mmoja aliyehamia Ubelgiji alitueleza siku moja kwa simu kwamba jirani yake alifiwa na chinchilla mzee kiisha ugonjwa mrefu, na kwamba watu wa kazini walimuandikia kadi ya pole. Tulisema: aa, hayo ni mambo ya wenye kushiba.

Je, ni ya wenye kushiba? Tarehe 26 Septemba 2021, kule Rumangabo, Rutshuru, ngagi mmoja aliyeitwa Ndakasi alikufa kiisha kuugua muda mrefu. Alikuwa na miaka 14. Walinzi wa mbuga ya Virunga walimuokota mwaka 2007, mtoto wa miezi miwili, ameshikilia mwili wa mama yake aliyeuawa. Alikufa juu ya kifua cha André Bauma, mtu mwenye alimulea. Picha ile ilizunguka dunia nzima. Hatukusikia mutu hata mumoja hapa Kivu ya Kaskazini akimucheka Bauma, na huyo si muzungu, ni mwana wa kwetu.

Mutatuambia ngagi ni kitu kikubwa, analeta watalii na dola. Sawa. Na ng'ombe? Masisi ni nchi ya ng'ombe na fromaji. Makundi mengi yalimalizwa na vita ya miaka ya 1990, lakini keti na mzee mchungaji mpaka leo, atakutajia majina ya ng'ombe wake moja moja, na macho yatalowa. Unanyamaza, unamupa nafasi. Huko Walikale, ndani ya pori, mwindaji akifiwa na mbwa wake mwenye kuvaa kengele ya mti, hakuna anayemuambia aende kununua mwingine siku ile ile. Kumbe tunakubali kulilia mnyama. Tunakataa tu akiwa mdogo, na mwenye kumulilia akiwa mwanamke masikini. Hilo ndilo lilitusumbua.

Tulipokaa komite, maneno yalikuwa makali. Mwenzetu mmoja wa Walikale alisema wazi: «Watu wanakufa kila juma, musiende kuandika juu ya panya, watasema sendika imechoka.» Si neno la kijinga, na hatukumutukana. Mwingine akajibu kwa haraka: hapana, mama hamulilii mnyama, anamulilia kijana wake, kobaye ni njia tu. Wote tuliitika. Ilitupendeza sana. Tukaanza hata kutunga maneno ya gazeti: juu ya mashimo yenye kufunikwa na watu ndani, juu ya familia zenye hazipewi hata mahali pa kuweka jiwe.

Tulimupelekea mama maneno hayo ili tuombe ruhusa yake. Alitusikiliza mpaka mwisho, kiisha akasema: «Hapana, wanangu. Mutoto wangu nilimulilia, na nitamulilia tena. Leo ninalilia huyu. Alikuwa anasikia mguu wangu nikitoka mtoni, anaita. Musimuondolee kilio chake.»

Tulirudi kimya. Hii ni kasoro yetu watu wa sendika: kila chozi tunataka tuligeuze kuwa dai.

Lakini kulikuwa na jambo zito kuliko kicheko chetu. Mama alikuwa anajiuliza kama ni yeye aliyemuua. Kobaye alianza kwa kukataa kula. Akawa anatoa mate, anakonda, nyuma kulikuwa kama kunamuuma. Jirani akasema: mupe amoxi. Nani hapa hajawahi kunywa amoxi kwa shauri la jirani? Mama alifungua kapsuli, akachanganya unga wake kidogo na maji. Siku ya pili mnyama akaanza kuhara, ya nne akafa.

Tulimuuliza agronome mmoja tunayemjua, na jibu lake lilituumiza. Dawa za jamii ya penisilini, na amoxi imo, zinaharibu tumbo la kobaye. Zinaua vijidudu vizuri vyenye kumsaidia kusaga manyasi, vibaya vinazidi. Chinchilla naye ni hivyo hivyo. Alitueleza pia kwamba meno ya wanyama hao hayaachi kukua, yanapunguzwa na kutafuna manyasi. Akiwa mzee yanaweza kupinda, anashindwa kula, mate yanatoka. Na kwamba mwili wa kobaye, kama wetu, haujitengenezei vitamini C. Anaipata kwa majani mabichi. Kambini, juu ya mawe, majani yalitoka wapi? Wajukuu walikuwa wanabadilisha unga wa msaada na majani ya viazi vitamu, siku nyingine wanapata, siku nyingine hapana.

Tumuambie mama au tumufiche? Hapo tuligawanyika tena. Wengine walisema uongo mdogo ni dawa. Lakini sisi ndio wenye kusimama kila mara shimo likianguka, tunadai tuambiwe ukweli: nani alijua udongo umepasuka, nani aliwaruhusu watu waingie. Tungeanzaje sisi kuficha?

Tulimuambia. Dawa ilikuwa mbaya kwake, mama. Na pia: alikuwa mzee, alikuwa hali tena, na hapa hakuna veterineri wa wanyama wadogo ambaye ungemukimbilia, ulifanya kile ungemufanyia mujukuu. Alilia upya, na tulijilaumu. Kiisha akauliza kama mama wengine wenye kufuga wanajua jambo hili la amoxi. Tukasema hapana. Akasema: basi hilo muliandike.

Tumeandika. Mwenye kobaye mgonjwa asimupe dawa ya watu. Mupe majani mabichi yenye kuoshwa, maji safi, mahali pa joto, mukague meno, na muulize agronome wa kwenu mapema, hata kama watu watakucheka njiani. Na mwenye kufiwa naye, mumuache akae siku zake mbili. Sendika yetu imekubaliana na msimamizi wa pale mtoni: siku mbili zile hazitahesabiwa kama utoro, na nafasi yake ya kuosha haikupewa mwingine. Si ushindi mkubwa, na mwenzetu wa Walikale bado anatikisa kichwa. Juu ya mashimo yenye kufunika watu, tutaandika siku nyingine, peke yake, kwa nguvu yote.

Kobaye amezikwa nyuma ya jiko, chini ya avoka, ndani ya katoni yake. Jumatatu mama alirudi mtoni. Jioni, kijana wetu mwenye alicheka sana siku ya kwanza alifika kwake na fungu kubwa la majani ya viazi vitamu, akasimama mlangoni, ndipo akakumbuka kwamba hakuna tena wa kuyala mabichi. Mama aliyapokea, akayapika, wakala na wajukuu.