UMEME WA BAHARI NA CHAKULA CHA MVUVI

Ndugu wafanya kazi,

Juzi hapa stesheni ya Thika, tukingoja gari la jioni la kwenda Ruiru, kulikuwa na mabishano makali. Ndugu mmoja wa kiwandani alisema kazi zapungua kwa sababu umeme ni ghali. Basi hori za bahari kule Pwani zifungwe ukuta, maji yakijaa na kupwa yazungushe mitambo. "Umeme wowote ni mzuri," alisema, "bora kazi zipatikane." Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga.

Sikatai kwamba jambo hilo lawezekana. Wafaransa walijenga kituo namna hiyo katika mto Rance, kikafunguliwa mwaka 1966: mitambo 24, megawati 240. Lakini kule maji hupanda kwa wastani wa mita 8. Kwetu Mombasa, hata siku za bamvua, hayafiki mita 5, na siku za maji mafu ni kidogo mno. Kimo kikipungua nusu, nguvu hubaki robo tu. Tena wakati wa kujenga, mlango wa mto ule ulizibwa miaka mitatu, na viumbe wengi wa majini wakafa. Je, mvuvi wa Kilifi atakula nini miaka mitatu?

Sisi wa Thika si wageni wa mambo haya. Kituo cha Ndula kilijengwa katika mto wetu zamani za wakoloni, na sijamsikia mzee hata mmoja akisema babu yake aliulizwa.

Watu wa Lamu hawakukubali hivyo. Mwaka 2016 kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilipewa kibali huko. Wakashtaki, na Juni 2019 baraza la mashauri ya mazingira likafuta kibali, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wako waliosema watu hao wazuia kazi. Maneno hayo hayo twaambiwa sisi kila tukigoma!

Mvuvi, na mama atafutaye kaa mikokoni, ni wafanya kazi kama mimi nibadiliye mataruma. Tofauti ni kwamba wao, bahari ikifungwa, hakuna wa kuwapa hata notisi.

Umeme wa bei nafuu tuudai, nami nautaka. Lakini katika mkutano wa tawi nitaomba iandikwe hivi: mradi wowote wa umeme wa Pwani, chama kisiuunge mkono kabla wavuvi hawajasikizwa. Yule ndugu wa kiwandani namwomba aje pia, maana gari lilifika kabla hatujamaliza.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Fundi wa njia ya reli, Thika