Baiskeli inayoundwa mara mbili

Na Jeremia Ntakije

Baiskeli ya chuma inayopanda milima ya Kasulu na Kibondo, katika nchi ya Buha, huundwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kiwandani, China ikiwa ni Phoenix, Ludhiana nchini India ikiwa ni Hero au Avon. Mara ya pili ni kwenye kibanda cha fundi, kwa kipimo cha mwenye nayo na cha mzigo wake. Uundaji huu wa pili huitwa matengenezo, na jina hilo linaudhulumu.

Umbo lenyewe ni la zamani. Ni lile la Raleigh ya Nottingham, Uingereza: magurudumu ya inchi 28, spoku 32 mbele na 40 nyuma, breki za vyuma, uzito wa kilo 20 hivi. Tanzania nayo ilikuwa na baiskeli yake, Swala, iliyotengenezwa na kampuni ya NABICO. Kwa kuwa umbo halikubadilika sana, kipuri cha baiskeli moja mara nyingi huingia kwenye nyingine, na ndiyo maana fremu ya babu bado yaweza kubeba maharage ya mjukuu.

Huko Ulaya, anayeagiza baiskeli ya kuundwa kwa mkono hupimwa mguu, kiwiliwili na mkono, kisha mabomba hukatwa kumfuata yeye. Fundi wa Buha huanza na mzigo. Magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi, madumu ya mawese: kila kimoja kina upana wake na mahali kinapoelemea. Keria ya kiwandani ni nyembamba, hivyo hung'olewa na kuwekwa ya nondo, ambayo miguu yake hushuka hadi kwenye ekseli ya nyuma ili uzito usiikalie fremu. Foki huongezewa vyuma viwili kutoka ekseli ya mbele hadi kwenye usukani, kwa sababu kwenye mteremko wenye makorongo foki ndiyo hutangulia kupinda. Stendi hupanuliwa ili baiskeli isimame peke yake wakati wa kupakia.

Kazi hii yawezekana kwa sababu ya chuma. Alumini ni nyepesi, lakini ikipasuka huhitaji mitambo na ujuzi ambao vibanda vingi havina. Chuma kikipinda hunyooshwa, kikikatika huungwa. Hata hivyo moto una adabu yake. Fundi stadi huunga bomba la fremu kwa gesi na shaba. Shaba huyeyuka kabla ya chuma, hupenya kwenye kiungo na kuliacha bomba zima. Umeme wa kuchomelea mageti, ukishikwa na asiye na mkono mwepesi, hutoboa bomba jembamba au huliacha gumu na lenye kuvunjika pembeni mwa kiungo. Fremu nyingi hukatikia hapo hapo, kando tu ya palipounganishwa.

Mlima nao una hesabu yake. Meno 44 mbele na 18 nyuma huisogeza baiskeli karibu mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedali. Friwili ya meno 22 hupunguza mwendo huo hadi mita 4.5 hivi, na mguu hupata nafuu. Mzigo ukizidi kilo 100, hata hiyo haitoshi. Mwendeshaji hushuka na kusukuma, akishika fimbo iliyofungwa kwenye usukani.

Baiskeli ya namna hii hainunuliwi kwa siku moja. Msimu mmoja wa maharage hutoa fremu, mwingine magurudumu, kisha huja nondo na ujira wa fundi. Inapokamilika, aliyeingoja miaka anaijua kila kiungo, na hakuna nyingine iliyo sawa nayo barabarani.

Ujuzi wa anayeiunda nao una mahali pa kutambuliwa: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya chuo. Fundi wa fremu anastahili kupimwa humo kwa kazi yake yenyewe: kiungo cha shaba, rimu iliyonyooka, keria inayokaa sawa chini ya gunia. Vipimo hivyo vyote vyaweza kufanyika kibandani kwake, kwa gunia la mteja wa siku hiyo.