Chombo Hunguruma, Wavu Hunyamaza

Sisi wa Singida maji yetu ni ziwa Kindai na ziwa Singida, na humo hamna pomboo. Hata hivyo wenzangu husema kwamba pomboo na nyangumi huziona mashua za wavuvi kutoka mbali. Hawazioni, huzisikia. Ndani ya maji sauti huenda kadiri ya mita 1,500 kwa sekunde, hali hewani ni kama mita 340 tu. Pomboo huipokea kwa taya la chini, lenye mafuta yanayoipeleka mpaka sikioni. Ni ajabu kweli!

Basi kwa nini pomboo wa Unguja hunaswa? Huko Kizimkazi kuwawinda kulikoma mwaka 1996, na sasa wageni hulipa fedha ili wawatazame. Sababu ni kwamba mashine ya mashua hunguruma, lakini jarife hunyamaza, tena hutegwa usiku. Pomboo hutoa milio na kusikiliza mwangwi wake, ila uzi wa nailoni ni mwembamba na mwangwi wake ni hafifu. Nyangumi wakubwa wapitao pwani yetu kati ya Julai na Oktoba hawana hata ufundi huo.

Wako watakaosema ni shauri la mvuvi. Mimi sikubali, maana mvuvi naye huraruliwa wavu, na wavu ni mali. Vidude vya kulia chini ya maji vimekwisha kujaribiwa katika nyavu za Unguja, na pomboo walionaswa walipungua. Kwa maoni yangu Serikali ivinunue na kuwagawia wavuvi. Mwenye jarife moja atapata wapi fedha hizo?