Video za kuchagua njia: ramani ni yako, itunze mwenyewe

Siku nyingi sijaandika hapa. Kazi za wateja zimenibana hadi wikendi. Lakini juzi nilikuwa nikisafisha diski yangu ya zamani nikakutana na folda moja iliyonifanya nikae chini. Ndani yake mna vipande 41 vya video, nyanya yangu akisuka kiondo. Vipande 34 najua vinakaa wapi. Saba sijui hadi leo.

Hebu nianze mwanzo.

Mwaka 2019 nilikuwa nikimaliza digrii ya sayansi ya tarakilishi na nilihitaji mradi wa mwisho. Wenzangu wengi walitengeneza mifumo ya hospitali na maduka. Mimi nikaenda nyumbani Ukambani na kamera ya kuazima. Nilidhani nitarekodi somo moja refu, kuanzia kitako cha kiondo hadi mdomo, basi. Haikuwezekana. Kila nilipomwuliza nyanya hatua inayofuata, alinijibu kwa swali. Uzi umekaza au umelegea? Kitako kimelala vizuri au kimeanza kupinda? Kama kimepinda, fumua urudi hapa. Kama hakijapinda, endelea.

Nikacheka peke yangu. Nyanya ambaye hajawahi kugusa tarakilishi alikuwa akinisomea programu, yenye "kama" na "la sivyo" kila mahali!

Basi nikaikata video vipande vipande nikaviunganisha kwa kutumia huduma moja ya bure mtandaoni. Mtazamaji anaulizwa swali, anabofya jibu, video inaruka hadi kipande kinachomfaa. Nilipata alama nzuri, nikaendelea na maisha. Mwaka 2021 huduma ile ikafungwa. Barua pepe ya kutuonya ilikuja, nami sikuisoma. Vipande nilikuwa navyo vyote. Kilichopotea ni ramani: swali gani linatokea sekunde ya ngapi, na jibu gani linakupeleka wapi. Nyanya alikuwa ametuacha mwaka mmoja kabla.

Ndiyo maana nina maoni makali kidogo kuhusu jambo hili. Maoni yenyewe ni haya: katika video ya kuchagua njia, kazi yako halisi ni ramani, na ramani haifai kukaa mahali ambapo huwezi kuibeba ukaondoka nayo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1967 kule Montreal, Kanada, kwenye maonyesho ya Expo 67, Radúz Činčera wa Chekoslovakia alionyesha filamu iliyoitwa Kinoautomat. Watazamaji walikuwa na vitufe viwili. Filamu ilisimama, wakapiga kura, kisha ikaendelea kwa njia iliyopata kura nyingi. Lakini kulikuwa na ujanja: njia zote mbili zilirudi kukutana kabla ya swali lililofuata.

Kwa nini ujanja huo? Piga hesabu. Ukiwa na maswali 10 yenye majibu mawili kila moja, na njia zisikutane kamwe, unapata miisho 1,024. Kama kila kipande ni dakika moja, inakubidi urekodi zaidi ya dakika 2,000, yaani kama saa 34, ili mtu mmoja atazame dakika 11! Kwa hiyo ufundi wote uko katika kuamua njia zitengane wapi na zikutane wapi. Hiyo ndiyo ramani. Picha mtu anaweza kurekodi upya. Ramani ni mawazo ya mwandishi.

Sasa tazama yaliyotokea miaka ya karibuni. Netflix ilitoa Bandersnatch tarehe 28 Desemba 2018. Ni hadithi ya kijana mwandishi wa programu mwaka 1984, na mtazamaji hupewa sekunde kama kumi kumchagulia la kufanya, kuanzia chakula cha asubuhi. Dunia nzima iliizungumzia. Desemba 2024 Netflix ikaondoa nyingi za kazi zake za aina hiyo, na Mei 2025 Bandersnatch nayo ikaondolewa. YouTube pia ilikuwa na vibandiko vya kubofya juu ya video, na watu walivitumia kutengeneza michezo mizima. Tarehe 15 Januari 2019 vyote viliondolewa. Video zilibaki, milango ikazibwa.

Linganisha na Flash. Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na wengi wetu tukadhani imezikwa na kila kilichokuwamo. Lakini leo programu huria iitwayo Ruffle inachezesha kazi nyingi za Flash ndani ya kivinjari, na Internet Archive inazihifadhi. Kwa nini hizo ziliokolewa? Kwa sababu mara nyingi faili moja lilibeba kila kitu: picha, sauti, hata mantiki ya vitufe. Aliyekuwa na faili alikuwa na kazi nzima. Mimi nilikuwa na picha tu, mantiki ilikuwa kwa watu.

Haya, tufanyeje? Habari njema ni kwamba hauhitaji huduma ya mtu. Vivinjari vya leo vinacheza video bila programu ya ziada, na vinaelewa faili za maandishi za WebVTT, zilezile za manukuu. Wengi hawajui kwamba faili hilo linaweza kubeba chochote, si manukuu peke yake. Mfano:

WEBVTT

00:01:20.000 --> 00:01:30.000
{"swali": "Uzi umelegea?", "ndiyo": "kipande07", "hapana": "kipande08"}

Ni hayo tu. Ikifika dakika 1 na sekunde 20, kivinjari kinakuamshia mstari huo, na JavaScript kidogo inaonyesha vitufe viwili. Usijaribu kuchungulia saa ya video mwenyewe, maana taarifa za muda huja kwa kusuasua, pengine mara nne tu kwa sekunde, na utapitwa. Acha faili lifanye kazi hiyo. Faili lenyewe ni maandishi. Utalisoma kwa macho miaka 20 ijayo hata kama kivinjari chako cha leo kimesahaulika.

Kuna jambo jingine la kwetu hapa Kenya: bando. Ili video iruke bila kukwama, ni lazima upakue njia zote mbili kabla mtu hajachagua. Video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 7.5 kila dakika, na nusu ya ulichopakua huenda isitazamwe. Kwa hiyo kwa masomo mengi napendekeza sauti na picha chache tulivu. Sauti ya maneno kwa kilobiti 32 inakula kama KB 240 kwa dakika. Njia zote mbili zikipakuliwa, hakuna atakayelia.

Najua kuna watakaosema video hizi zilikufa kwa sababu watu hawataki kuchagua, wanataka kujilaza kwenye kochi. Kwa hadithi za jioni, nakubaliana nao nusu. Lakini angalia SoundCloud, ambako watu hubandika maoni kwenye sekunde kamili ya wimbo, au Niconico ya Japani, ambako tangu 2006 maoni hupita juu ya video wakati uleule yaliyoandikiwa. Watu wanapenda kugusa muda. Na anayejifunza kitu kwa mikono yake hana starehe ya kukataa kuchagua. Uzi umelegea au haujalegea. Lazima ajibu.

Mwaka jana niliketi na shangazi wikendi mbili tukijaribu kurudisha ramani ya nyanya. Yeye alifundishwa kusuka na mama yake, kwa hiyo alivitambua vipande 34 kwa kutazama mikono. Hivyo sasa viko kwenye faili la maandishi, lenye nakala tatu. Vile saba vingine hata yeye vilimshinda. Katika kimoja nyanya anainua macho, anatabasamu, anasema, "Hapa usiogope, kata."

Hapa wapi? Sijui.

Kama una mradi wa namna hii kwenye huduma ya watu, hata kama inaendelea vizuri kabisa, fungua faili tupu leo na uandike ramani yako. Itakuchukua jioni moja.