Marekani: namna swali la kutoa mimba lilikaribia kuangusha sheria ya afya ya Obama

Siku ya Mungu tarehe 21 Machi 2010, Bunge la Marekani lilipitisha sheria kubwa ya afya kwa kura 219 juu ya 212. Hakuna Mrepublikani hata mmoja aliyeikubali, na hilo lilijulikana mbele ya wakati. Wale waliofanya sheria itetemeke mpaka saa ya mwisho walikuwa wabunge wa chama cha Demokrati, chama cha Rais Barack Obama mwenyewe. Kilichowagawanya ni swali moja: kutoa mimba.

Ni habari ya zamani na ya mbali, lakini wakaaji wa mashariki ya Congo wana sababu mbili za kuifahamu. Ya kwanza: masharti ambayo Washington inaweka juu ya makuta yake na kutoa mimba yanafika mpaka kwenye vituo vya afya vya Kivu na Ituri. Ya pili: Congo nayo iko katika kazi ya kutafuta matunzo ya afya kwa wote, na maswali ya namna hii hayakosekani njiani.

Ugomvi ulikuwa juu ya makuta

Watu wengi wanafikiri kwamba mwaka 2009 Wademokrati waligombana ili kujua kama kutoa mimba kuruhusiwe ao kukatazwe. Sivyo ilivyokuwa. Tangu mwaka 1973 Korti Kuu ya Marekani ilikuwa imempa mwanamke haki hiyo, katika kesi inayoitwa Roe v. Wade. Mpango wa sheria ya afya haukugusa jambo hilo. Ugomvi ulikuwa juu ya nani analipa.

Mwaka 1976, mbunge mmoja Mrepublikani wa jimbo la Illinois, Henry Hyde, alipitisha sharti kwamba makuta ya serikali kuu yasilipe kutoa mimba. Sharti hilo liliwagusa kwanza wanawake maskini wanaotunzwa kupitia Medicaid, mpango wa serikali kwa watu wasio na uwezo. Kwa miaka ya karibuni limeacha nafasi tatu tu: mwanamke aliyebakwa, mimba ya ndugu wa damu, na maisha ya mama kuwa katika hatari. Kila mwaka linarudiwa ndani ya sheria ya bajeti. Wademokrati wengi hawakulipenda, lakini walizoea kuishi nalo, kama vile watu wanavyoishi na mapatano ya kusimamisha vita.

Sheria ya Obama ilivuruga mapatano hayo bila kukusudia. Marekani ilikuwa na watu zaidi ya milioni 40 wasio na bima ya afya. Ili wapate, mpango ulikuwa kufungua soko ambako mtu ananunua bima ya kampuni ya watu binafsi, na serikali inamuongezea makuta kufuatana na mapato yake. Sasa, bima nyingi za kampuni hizo zilikuwa zinalipa pia kutoa mimba. Je, serikali ikitoa nusu ya malipo ya bima, imelipa kutoa mimba ao haikulipa?

Mtu aliye mwanachama wa mituweli ya afya anaweza kuelewa ugumu huu haraka. Familia inaweka sehemu yake, msaada unaweka sehemu nyingine, vyote ndani ya sanduku moja. Siku dawa inanunuliwa, nani atasema ni makuta ya nani yaliyoinunua?

Jibu la Lois Capps, mbunge Mdemokrati wa California, lilikuwa kutenga masanduku mawili: la makuta ya serikali, na la makuta ya mwanachama mwenyewe. Kutoa mimba kulipwe na sanduku la pili tu. Bart Stupak, Mdemokrati wa kaskazini ya Michigan, alikataa. Kwake yeye, hayo yalikuwa mambo ya karatasi tu: serikali ikisaidia kununua bima, imesaidia kununua vyote vilivyo ndani yake.

Usiku wa 7 Novemba 2009

Ili kuelewa nguvu ya Stupak, inafaa kuangalia namna Wademokrati walivyopata wingi wao. Walikuwa na zaidi ya wabunge 250 kati ya 435, kwa sababu walikuwa wameshinda hata mahali ambapo chama chao hakikuwa na mizizi: vijiji vya Michigan, miji ya viwanda ya Ohio na Pennsylvania, majimbo ya kusini. Wengi wa wabunge hao walikuwa wakristo wenye kupinga kutoa mimba, lakini wenye kutaka maskini atunzwe. Stupak, aliyewahi kuwa polisi, alikuwa mmoja wao. Bila wao, kura 218 za lazima hazifiki.

Nyuma yao kulikuwa maaskofu wakatoliki. Wao walikuwa wanadai matunzo ya afya kwa wote tangu miaka mingi. Lakini walisema wazi kwamba hawataunga mkono sheria isiyo na ukuta mgumu kati ya makuta ya serikali na kutoa mimba.

Spika wa Bunge, Nancy Pelosi, alikuwa mkatoliki na pia mtetezi wa haki ya mwanamke kuchagua. Alipohesabu kura, aliona hana njia nyingine. Siku ya posho tarehe 7 Novemba aliacha Stupak alete badiliko lake mbele ya wabunge: mtu anayepata msaada wa serikali asinunue bima yoyote inayolipa kutoa mimba, isipokuwa katika zile nafasi tatu. Badiliko lilipita kwa kura 240 juu ya 194. Wademokrati 64 walilikubali pamoja na Warepublikani. Saa chache kiisha, sheria nzima ilipita kwa kura 220 juu ya 215.

Hapo kuna jambo la kuangaliwa vizuri. Warepublikani walisaidia badiliko la Stupak kupita, kiisha wote wakaikataa sheria, isipokuwa mmoja, Joseph Cao wa Louisiana. Walipata sharti walilolitaka bila kulipa kitu. Deni lilibaki nyumbani kwa Wademokrati.

Na nyumbani humo moto uliwaka. Wabunge karibu 40, wakiongozwa na Diana DeGette wa Colorado, waliandika kwamba hawatapigia kura sheria ya mwisho kama maneno ya Stupak yatabaki ndani. Kwao, badiliko hilo lilizidi sharti la Hyde. Kampuni za bima hazitapenda kutengeneza bima za namna mbili, basi hata mwanamke mwenye kutumia makuta yake mwenyewe hataipata. Kuhusu shauri la kununua bima ya pembeni kwa ajili ya kutoa mimba, waliuliza: mwanamke gani anajipangia mimba asiyoitaka, ao mimba itakayoharibika?

Njo hapo chama kilipokwama. Makundi mawili ya chama kimoja, kila moja likiwa na kura za kutosha kuiua sheria ambayo yote mawili yalikuwa yanaitaka.

Seneti na kura ya sitini

Katika Seneti hali ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu zilihitajika kura 60 kati ya 100, na Wademokrati na marafiki wao walikuwa 60 kamili. Ben Nelson, Mdemokrati wa Nebraska, alileta badiliko lenye kufanana na la Stupak pamoja na Mrepublikani Orrin Hatch. Tarehe 8 Desemba lilikataliwa kwa kura 54 juu ya 45. Lakini Nelson alikuwa bado na kura yake mkononi, na bila yeye sitini haifiki.

Mwishowe walipatana hivi: kila jimbo lipate ruhusa ya kukataza bima zenye kulipa kutoa mimba ndani ya soko lake, na mahali ambapo zinaruhusiwa, sehemu ya malipo ya kazi hiyo itengwe peke yake. Ni wazo la masanduku mawili, lililokazwa zaidi. Tarehe 24 Desemba, siku moja mbele ya Noeli, Seneti ilipiga kura 60 juu ya 39.

Kiisha ikaja ajali ya siasa. Tarehe 19 Januari 2010, Mrepublikani Scott Brown alishinda katika Massachusetts kiti cha Ted Kennedy, aliyefariki Agosti 2009. Kura ya sitini ilipotea. Njia iliyobaki ni Bunge likubali maandishi ya Seneti jinsi yalivyo, yaani bila maneno ya Stupak.

Kanisa moja, sauti mbili

Katika juma la mwisho, mgawanyiko ulitoka ndani ya chama ukaingia ndani ya Kanisa. Maaskofu walisema maandishi ya Seneti hayatoshi. Lakini muungano wa hospitali za kikatoliki, ulioongozwa na Sista Carol Keehan, uliyaunga mkono. Viongozi wa mashirika mengi ya masista nao waliandika barua kwa wabunge wakiomba sheria ipite.

Katika majimbo ya mashariki, ambako BDOM za dayosezi zinaongoza hospitali na vituo vingi vya afya, uzito wa sauti hiyo unaeleweka. Masista hao hawakubadilisha mafundisho ya Kanisa juu ya mimba. Walisoma maandishi yale yale waliyosoma maaskofu, wakaona kwamba ukuta uliowekwa unatosha, na kwamba mgonjwa asiye na bima hawezi kungoja zaidi.

Ordonansi ya Obama

Asubuhi ya tarehe 21 Machi hesabu ilikuwa bado haijatimia. Njia ilipatikana mchana: Obama aliahidi kutia sahihi ordonansi yenye kusema kwamba sharti la Hyde litafuatwa pia katika masoko mapya ya bima. Stupak na wenzake wakatangaza kwamba watapiga kura ya ndiyo. Usiku ule, wakati alipokuwa anasema ndani ya Bunge, mbunge mmoja Mrepublikani alipaaza sauti ya kuuita mpango huo muuaji wa watoto. Wademokrati 34 walikataa sheria. Kati yao alikuwa Dan Lipinski wa Illinois, ambaye mwezi wa Novemba alikuwa ameikubali.

Obama alitia sahihi sheria tarehe 23 Machi, na ordonansi siku iliyofuata. Pande zote mbili zilinung'unika. Watetezi wa haki ya kuchagua walisema Rais wao ameweka sharti la Hyde mahali papya. Wapinzani wa kutoa mimba walisema ordonansi si sheria, Rais mwingine anaweza kuifuta asubuhi moja.

Stupak alilipa haraka. Tarehe 9 Aprili alitangaza kwamba hatagombea tena. Mwezi wa Novemba 2010 Wademokrati walipoteza viti 63, na kati ya walioanguka walikuwamo wenzake Steve Driehaus wa Ohio na Kathy Dahlkemper wa Pennsylvania. Ukosefu wa kazi ulichangia sana, lakini walishambuliwa pia na makundi yenye kupinga kutoa mimba, yale yale waliyokuwa nayo upande mmoja. Lipinski yeye aliangushwa mwaka 2020 na wapiga kura wa chama chake mwenyewe.

Leo mgawanyiko huo umekwisha karibu wote. Mwaka 2016 chama kiliandika katika programu yake kwamba sharti la Hyde liondolewe. Mwaka 2019 Joe Biden, aliyelitetea kwa miaka mingi, aliliacha. Mwaka 2021, Bunge lilipopigia kura sheria ya kulinda haki ya kutoa mimba, Mdemokrati mmoja tu, Henry Cuellar wa Texas, aliikataa. Lakini umoja huo umepatikana hasa kwa sababu wenye mawazo tofauti walitoka ao waliangushwa, na viti vyao vingi vilienda kwa Warepublikani. Majaji waliofuta Roe v. Wade tarehe 24 Juni 2022 waliwekwa na marais Warepublikani.

Maana yake kwa mashariki ya Congo

Sharti la Hyde lina ndugu yake anayesafiri. Ni sharti la Helms, la mwaka 1973, linalokataza msaada wa Marekani kwa inchi za nje kulipa kutoa mimba kama njia ya kupanga uzazi. Maandishi yake hayamtaji mwanamke aliyebakwa. Lakini kwa matendo, serikali za vyama vyote viwili zimelifuata kama katazo la mara zote, hata kwa wanawake wa mahali pa vita. Obama hakuligeuza.

Juu yake kuna sharti la pili, lililoanzishwa na Ronald Reagan mwaka 1984, linalonyima msaada mashirika ya inchi za nje yanayotoa mimba ao kuitetea, hata kama yanatumia makuta mengine. Hilo linapanda na kushuka na uchaguzi: Obama aliliondoa Januari 2009, Donald Trump akalirudisha 2017, Biden akaliondoa 2021, Trump akalirudisha tena Januari 2025.

Huku Congo, kitabu cha sheria za makosa kinaendelea kukataza kutoa mimba. Wakati huo huo, Mapatano ya Maputo yalitangazwa katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018, na kifungu chake cha 14 kinaruhusu pale mama amebakwa, mimba ni ya ndugu wa damu, ao afya na maisha yake viko katika hatari. Kwa hiyo mwanamke aliyebakwa na watu wenye silaha ana haki iliyoandikwa, lakini anaweza kufika kwenye kituo kilichojengwa juu ya msaada wenye masharti mengine kabisa.

Congo yenyewe imeanza njia ya matunzo kwa wote. Mwaka 2023 serikali ilianzisha uzazi wa bure, kuanzia Kinshasa. Kila mpango wa namna hiyo una orodha ya kazi zinazolipwa na kazi zisizolipwa. Kifungu cha 14 kitakuwa ndani ya orodha hiyo ao nje? Kama kiko ndani, sanduku gani litalipa? Wademokrati wa Marekani waliacha maswali kama hayo mpaka usiku wa mwisho, na jibu likatolewa na wabunge wachache waliokuwa na kura zilizokosekana. Wanamama ambao jambo linawahusu hawakuwa mezani.