Afya Nyumbani: Mtoto Anayehara Asinyimwe Maji

Mzazi mmoja wa Ifo, katika kaunti ya Garissa, ametuletea swali ambalo twaona vema kulijibu hapa mbele ya wasomaji wote, maana twajua wako wengi wenye kujiuliza hivyo hivyo. Asema kwamba mtoto wake wa miezi 14 alishikwa na tumbo la kuhara, na wazee wa nyumba wakamshauri amkatie maziwa na maji, kwa kuwa kila anachokunywa chatoka papo hapo. Je, ni kweli kwamba tumbo likiachwa tupu hufunga upesi?

Si kweli, nasi twapenda kulisema jambo hili waziwazi kabla ya mengine yote.

Njia ya chakula, tangu kinywani hata mwisho wake, ina maradhi mengi: kiungulia, vidonda vya tumbo, kufunga choo, minyoo na mengineyo. Mengi ya hayo humsumbua mtu siku nyingi bila kumwua. Kuhara kuna tabia nyingine. Mara nyingi hupoa kwenyewe baada ya siku chache, lakini huweza kumwua mtoto kabla siku hizo hazijatimia. Duniani kote watoto zaidi ya 400,000 walio chini ya miaka 5 hufa kila mwaka kwa maradhi ya kuhara, na wengi wao huuawa na upungufu wa maji na chumvi zilizotoka mwilini. Damu hupungua katika mishipa, moyo hukosa cha kusukuma, na figo huacha kazi. Mtu mzima mwenye kipindupindu kikali aweza kupoteza lita nzima kwa muda wa saa moja. Basi mwenye kumnyima maji mgonjwa wa namna hiyo ausaidia ugonjwa.

Watu wa Ifo wana sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia, nayo ni ya kwanza katika zile zilizouzunguka mji mdogo wa Dadaab. Maji yake hupigwa kwa mashine kutoka visima virefu, lakini maji safi ya bombani huweza kuchafuliwa njiani na nyumbani, ndani ya dumu lisilooshwa au ndoo isiyo na kifuniko ambamo kila mtoto hutumbukiza kikombe na mkono wake. Tena nchi ile ni tambarare. Mvua kubwa ikinyesha maji husimama, vyoo hujaa na kufurika. Mafuriko ya Novemba 2006 yalibomoa nyumba na vyoo vingi vya Ifo. Mwaka 2012 ikaingia homa ya ini ya aina ya E, ambayo nayo husafiri kwa maji yenye kinyesi, na ambayo ni ya hatari sana kwa mama wenye mimba na waliojifungua karibuni. Mwezi wa Novemba 2015 kipindupindu kikazuka katika kambi za Dadaab na kuwashika watu zaidi ya 1,000. Na mwaka 2022, mwezi wa Oktoba, kikarudi tena.

Kipindupindu kilipoingia katika kambi ya Kakuma, upande wa Turkana, mwaka 2005, madaktari walichunguza ni nani waliougua na nani walionusurika. Waliona kwamba nyumba zilizoweka maji ya kunywa katika vyombo vilivyofunikwa zilipata kinga, na kwamba waliotumia choo kimoja pamoja na nyumba nyingine tatu au zaidi walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Choo cha pili si jambo ambalo mama wa nyumba aweza kulitimiza peke yake, na hatutaki kumlaumu kwa hilo. Kifuniko cha ndoo chaweza kupatikana leo.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Dawa yake ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari, na habari za dawa hii zafaa kusimuliwa, maana ilipata sifa yake kambini, katikati ya wakimbizi. Mwaka 1971 vita viliwatoa mamilioni ya watu katika nchi iitwayo sasa Bangladesh, wakaingia India. Katika mji wa Bongaon, karibu na mpaka, kipindupindu kikawashika, na chupa za maji ya kutiwa mishipani zikawa hazitoshi. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza chumvi, glukosi na magadi ya kuokea vipimwe na kutiwa katika pakiti, kisha vichanganywe na maji katika mapipa. Na ndugu za wagonjwa, wasio na elimu yoyote ya uganga, wakawanywesha wagonjwa wao kwa vikombe. Pale ambapo walikuwa wakifa watu 30 hivi katika kila 100, vifo vikashuka vikawa chini ya 4.

Siri yake ni hii. Utumbo uliougua hushindwa kuyapokea maji matupu vizuri, lakini mlango mmoja wabaki wazi: sukari na chumvi huingia pamoja katika ukuta wa utumbo, na maji huzifuata. Ndiyo maana haitoshi kutumia kimoja na kuacha kingine.

Pakiti hizo, ziitwazo ORS, hupatikana hospitalini na katika maduka ya dawa. Soma kwanza maandishi yake, kwa kuwa nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita 1. Ikiwa pakiti haipo, kama inavyoweza kutokea mvua ikikata barabara ya Garissa na Dadaab, chukua lita 1 ya maji safi, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko kisijae kama kichuguu. Kisawazishwe juu kwa ubapa wa kisu. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo mwenye kuchanganya na apime, asikisie. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe robo hata nusu ya kikombe kila baada ya kuhara, na aliyezidi umri huo apewe nusu hata kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha umpe tena polepole kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

Wengine hudhani chai tamu au soda zaweza kufanya kazi ile ile. Haziwezi. Twajua jinsi chai ya kaskazini ipendavyo sukari, nasi hatuna ugomvi nayo mtu akiwa mzima. Lakini sukari nyingi ndani ya utumbo huvuta maji kutoka mwilini, na kuhara huzidi. Vidonge vya kufunga tumbo navyo visipewe watoto wadogo hata kidogo.

Iko desturi nyingine ambayo hatuwezi kuipita kimya. Wasomali huiita ilko dacowo, yaani meno ya mbweha, na katika Tanzania husikika jina la meno ya plastiki. Mtoto akihara, ufizi wake huchimbwa kwa kisu au chuma kilichochongoka ili kuitoa mbegu ya jino la chonge inayodhaniwa kuwa ndiyo sababu. Jino lile halina hatia. Mtoto aliyekwisha kudhoofika hupotezewa damu, jeraha huweza kuingiwa na vijidudu, na meno ya ukubwani huota vibaya au yasiote kabisa.

Maziwa ya mama yasikatwe, mchana wala usiku. Mtoto mwenye umri kama wa huyu aliyetajwa aendelee pia na chakula chake, uji au anjera laini, na maziwa ya ngamia yaliyochemshwa ikiwa ameyazoea, kidogo kidogo lakini mara nyingi. Hospitalini huongezewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hata 14. Vidonge hivyo vimalizwe, ijapokuwa tumbo limekwisha kutulia.

Lakini kuna dalili ambazo mzazi akiziona asikae nyumbani kuchanganya sukari: macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole, mtoto amelegea au hawezi kunywa, hakojoi, kinyesi kina damu, au kimekuwa kama maji ya mchele. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na njiani aendelee kunyweshwa.

Juma lijalo tutaandika habari za minyoo.